Mirija ya Majini

Nilikuwepo. Naanza na neno hilo kwa sababu pale Musoma kuna watu wasiopungua thelathini wanaoisimulia habari hii, na wote ni waongo. Wengine siku ile walikuwa Tarime, wengine walikuwa bado hawajazaliwa, na mmoja, ambaye jina lake nalificha kwa heshima ya mama yake, alikuwa ndani kwa kosa la mbuzi. Mimi nilikuwa nje ya dirisha la Jumba la Maonyesho, nauza chai na maandazi, na dirisha lenyewe halikuwa na kioo. Kila kilichosemwa nilikisikia, kila kilichofanywa nilikiona. Mimi ni mtoto wa Kijita, mzaliwa wa Kisorya, na shule niliiacha darasa la nne. Lakini macho hayaombwi cheti. Sikilizeni basi.

Mwaka ni sabini na tano. Watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijijini, nyumba za zamani zimebaki kuta, na Ndugu Boniphace, mkubwa wa ofisi ya maonyesho, alikuwa amerudi kutoka kozi ya miezi tisa huko Ulaya ya Mashariki. Alirudi na kofia ya manyoya na wazo. Watu wengi hurudi na wazo. Ukiwapa chai na siku tatu za usingizi, huisha. Lake halikuisha. Mtu huyu, aliyekulia kando ya ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani, ambaye akitema mate dirishani yanaangukia majini, aliagiza maji. Kutoka Tanga! Mapipa manane ya maji ya chumvi, kwa treni mpaka Mwanza, kwa meli mpaka Musoma, na kasha la mawe ya baharini yaliyofunikwa magunia mabichi, na samaki watano wa rangi ndani ya ndoo, ili siku ya Saba Saba wananchi wa bara waone kwamba taifa lao lina bahari. Fundi alitengeneza sanduku la kioo, refu kama jeneza la mtu mnene, likafungwa taa na pampu ya hewa iliyokoroma mchana kutwa kama mlevi.

Wa kulitunza alikuwa Magesa, tarishi wa ofisi, mtu mpole wa Butiama, kazi yake tangu hapo ni kupeleka barua na kurudi na majibu.

"Kuanzia leo, Magesa, wewe ni Bwana Bahari," Boniphace alimwambia.

"Bahari sijawahi kuiona, Ndugu."

"Ndiyo maana nimekuteua. Hutakuwa na mawazo ya zamani."

Kasha la mawe lilikuwa na maandishi ya rangi nyeusi. Hyasinta, mpiga chapa, aliinama akayasoma, kisha akajivuta nyuma na kushika kifua.

"Magesa, ebu njoo. Hapa imeandikwa viumbe vya majini."

"Majini gani?"

"Mimi nitajuaje? Majini ya Tanga!"

Boniphace alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Majini maana yake ndani ya maji, nyie watu! Ndani ya maji! Viumbe wanaoishi majini. Hicho ni Kiswahili cha redio. Mtakuja kuniaibisha mbele ya mgeni rasmi."

Ofisi nzima ikacheka. Hyasinta akacheka kwa aibu, Magesa akacheka kwa sababu mkubwa amecheka. Na katika kucheka huko hakuna aliyesoma mstari wa pili, uliosema: MSISHIKE KWA MKONO MTUPU. Magesa alikunja mikono ya shati akaanza kuyapanga mawe ndani ya maji, moja moja, akikwaruzwa vidole na kunyonya damu kama mtu anayeng'olewa mwiba.

Siku ile mchana alikula ugali nyumbani kwake, na ugali ulikuwa na chumvi. Nani anatia chumvi kwenye ugali? Alikunywa maji, nayo yalikuwa na chumvi. Akasema ni vidole, akavinawa, akasahau.

Wiki ya kwanza kioo kiliota vumbi la rangi ya ugoro. Wiki ya pili mawe yakaota nywele za kijani, ndefu, zikapunga kwa pampu kama nywele za mtu aliyezama. Sababu ilikuwa moja, na mwenye akili ya kuku angeiona: Boniphace alikuwa akiwatupia samaki wale watano dagaa konzi tatu kwa siku, ili wanenepe mgeni asije akadhani wanaonewa. Dagaa walioza chini, maji yakanenepa badala ya samaki. Wiki ya tatu ukaja utando mwekundu uliolala juu ya kila kitu kama ngozi ya maziwa, unanuka mayai viza. Boniphace alikuwa na kitabu cha kufugia samaki, kaja nacho kutoka huko huko, kimeandikwa kwa herufi ambazo hakuzijua hata moja. Alikuwa akikifungua kila asubuhi, anatazama picha, anatikisa kichwa na kusema, "Ni kama nilivyofikiri."

Magesa alisugua kioo kwa magunzi ya mahindi. Alivuta ule utando kwa mpira kwenye ndoo, akaenda kuumwaga nyuma ya choo. Leo anasafisha, kesho umerudi. Samaki wawili walielea.

Halafu ikaja ile mirija.

Ilianza mmoja, juu ya jiwe kubwa: kimrija chembamba cha rangi ya chai ya mchaichai, urefu wa kucha, mdomoni kimezungukwa na kope. Magesa alipopitisha kivuli cha mkono wake, kimrija kikajivuta ndani ya jiwe, phut! Alipoondoa mkono kikatoka tena, polepole, kikamgeukia. Alimwita mkubwa wake.

Boniphace alitazama, uso ukamwiva. "Huu ni mrija."

"Ndiyo, Ndugu."

"Mrija! Ndani ya maonyesho ya nchi ya Ujamaa! Wewe hujasikia tunasemaga nini juu ya mirija ya wanyonyaji?"

"Ikatwe."

"Basi unangoja barua? Kata mirija!"

Hivyo ndivyo lilivyofanyika kosa ambalo lisingeweza kufanyika mahali pengine popote duniani. Magesa alichukua wembe akaukata mrija shinani. Vipande vikaelea, vikatua kwenye mawe mengine. Baada ya siku nne kulikuwa na mirija mitano. Akakata mitano, ikawa kumi na minane. Kila ilipoongezeka Boniphace alipiga meza na kusema mnyonyaji hakatwi mara moja, na Magesa akanoa wembe.

Mchana mmoja wa Juni, saa saba, wote wameenda kula na mji umelala kwa joto, Magesa alibaki peke yake mbele ya kioo. Alijisemea, kama watu wapweke wasemavyo: "Hii samaki zimekufa tena. Na ile mawe zinanuka."

Kutoka ndani ya maji, chini ya mkoromo wa pampu, sauti ikamjibu, taratibu, kwa upole wa mwalimu anayedharau darasa lake:

"Samaki hawa wamekufa. Mawe yale yananuka."

Wembe ukamtoka mkononi.

Mtasema majini hutembea usiku. Anayetembea usiku ni jini mwoga. Huyu alikuja saa saba ya mchana, jua la utosi, na hakuvunja kikombe wala kupeperusha pazia, alisahihisha Kiswahili. Tangu siku ile, Magesa akikosea neno, alisahihishwa. Mara ya kwanza kwa sauti ya majini. Mara ya pili kwa sauti iliyotoka nyuma ya meno yake mwenyewe. Baada ya wiki mbili hakukosea tena. Aliongea kama kadhi wa Pangani. Alisema "laiti ningalijua" pale wengine waliposema "ningejua". Hyasinta aliacha kupiga chapa ili amsikilize, na nywele za mikono zilimsimama bila yeye kujua kwa nini. Boniphace, kichwa maji yule, alifurahi.

"Mnaona? Bahari inaelimisha! Magesa, hotuba ya Saba Saba utaisoma wewe, kwa kipaza sauti."

Lakini Magesa alikuwa amegundua jambo. Kila neno la Pwani lililoingia, neno la kwao lilitoka. Asubuhi moja alitafuta neno la Kizanaki la ndama, akalikosa. Kesho yake limekwenda la mvua, na la jiwe la kusagia, na la shemeji. Alikuwa akitia ulimi pale neno lilipokaa, kama mtu anayegusa pengo la jino, na anakuta chumvi.

Mama yake, Nyangi, alikuwa kipofu kwa mwaka wa kumi na moja. Kiswahili hakukijua, na aliyemwamkia kwa Kiswahili alimjibu kwa kumgeuzia mgongo. Mwanawe huyu ndiye pekee aliyebaki, na kila Jumamosi alimwendea Butiama kwa baiskeli ya ofisi, akamsalimu mlangoni, na kwa sauti ile na maneno yale mama akajua ni yeye, akafungua komeo.

Jumamosi ile, na haya ya nje ya mji alinisimulia mwenyewe baadaye, alifika, akasimama mlangoni, akafungua mdomo.

"Shikamoo, mama yangu mpenzi. Ni mimi mwanao, nimewasili."

Nyayo za mama zikaja mpaka mlangoni. Kisha komeo likasukumwa, siyo kufunguliwa: lilisukumwa likaze.

"Nani huyo?" Nyangi aliuliza kwa Kizanaki.

Magesa alimwelewa. Alijaribu kujibu. Aliyaona maneno kama vile unavyoona watu ng'ambo ya mto, akayaita, na kilichotoka kinywani kilikuwa kile kile cha kunyooka na kung'aa: "Usiniogope, mama. Nifungulie, ninakusihi."

"Umeibia wapi koo la mwanangu?" Mama aliegemeza bega kwenye mlango. "Kama wewe ni mfu wetu, taja ukoo tujue unadai nini. Kama wewe ni wa mbali, ondoka hapa. Nenda Guta kwa Wankyo, yule mganga anayedharau kila mtu sawasawa. Ila hapa huingii mpaka uniletee Magesa wangu."

Magesa alikaa mlangoni mpaka jua likageuka, akilia kwa Kiswahili fasaha.

Jumatatu saa saba alirudi mbele ya kioo, mikono mitupu, bila wembe, kwa sababu alitaka kuomba. Na hapo ndipo alipoona kwamba midomo ya mirija yote, na sasa ilikuwa arobaini na mmoja maana aliihesabu kila asubuhi, ilikuwa inafunguka na kufumba kwa pamoja, na pampu ilikuwa imezimika lakini maji yalikuwa bado yanatetemeka, na harufu ya mayai viza ilikuwa imeondoka na mahali pake pamekuja harufu ya moshi wa nyumba ya mama yake na samli na majivu ya zizini, na alipokaribiza sikio kwenye kioo akasikia, kidogo, chembamba, kama nzi waliofungiwa ndani ya kibuyu, Kizanaki, Kizanaki chake, kwa sauti yake mwenyewe ya utotoni, mrija mmoja unataja ng'ombe wa baba yake kwa rangi zao, mwingine unaita majina ya wajomba, mwingine unaimba kile ambacho mama alimwimbia akiwa na surua, na katikati ya hayo yote ile sauti nyingine ikasema bila haraka:

"Limesalia moja, Magesa. Umelificha wapi?"

Kweli lilikuwa limesalia. Lilikuwa jina la utani alilopewa na mama yake siku aliyozaliwa, ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Tangu alipoanza kuibiwa hakulitamka hata kwa mto wake. Alifunga mdomo kwa mikono miwili.

"Usijisumbue," sauti ikasema. "Siku ya hotuba, utakapofungua kinywa mbele ya umati, nitaingia nilichukue."

Wankyo wa Guta alikuwa anapalilia pamba. Hakusimama. Alimsikiliza Magesa kwa mgongo, akipiga jembe, na alipomaliza akatema ugoro.

"Mura, unaongea kama mtu aliyemeza sabuni. Majini mimi siyajuagi. Kwetu wafu wanasumbuaga, lakini tunajua majina yao na wanachotaka. Huyo wako ametoka wapi?"

"Ametoka baharini, mama."

"Na hiyo mirija, mnafanyaje?"

"Tunaikata."

Hapo ndipo aliposimama. Alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama vile unavyotazama ng'ombe aliyeuziwa jirani mjinga.

"Mnakata. Na ikizidi?"

"Tunakata tena."

"Nani amewaambia?"

"Mkubwa wangu wa kazi."

"Amewahi kulima?" Aling'oa chini ya mguu wake kipande cha sangari, ile nyasi mbaya ya shambani, mzizi mweupe mrefu. "Hii ukiipiga jembe, umeigawa. Kila kipande kinaota. Mtoto wa miaka sita hapa Guta anajua. Nyie mmemsaidia jini kuzaa kwa mikono yenu, kwa mshahara wa serikali." Akacheka, kicheko kikavu. "Nitakuja. Siyo kwa ajili yako. Nataka nimuone huyo mkubwa wako sura yake."

Hakumuona, maana alikuja Jumapili tarehe sita, Boniphace yuko misani. Alikuja na birika kubwa, ndimu mfuko mzima, na bomba la sindano la kuchomea ng'ombe. Hyasinta alifungua mlango, akawasha mkaa. Maji yalipochemka Wankyo alikamulia ndimu humo, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akainama juu ya sanduku.

"Ni ngapi?"

"Arobaini na mmoja," alisema Magesa.

"Wasalimie wenzako waliotangulia," Wankyo aliuambia mrija wa kwanza.

Akachovya sindano mpaka mdomoni mwake, taratibu, bila kuushtua, akausukumia maji ya moto. Mrija ukajikunja, ukageuka mweupe kama ute wa yai, ukayeyuka. "Mmoja," akasema.

Magesa akaanguka magotini. Kinywa kikamfunguka kikasema, siyo yeye: "Ewe mwanamke wa mashamba, wamjua unayemwunguza?"

"Wawili. Sikujui. Una barua ya balozi?"

"Ya nani?"

"Watatu. Balozi wa nyumba kumi. Hapa mgeni akilala zaidi ya siku moja anaripoti. Jina, atokako, kazi anayofanya. Wewe umekaa miezi mitatu. Wanne."

"Mimi ni wa ukoo wa kale, nimekaa kwenye magofu kabla babu zenu hawajajua nguo!"

"Watano. Kwa hiyo kazi huna."

Dari lilipasuka kwa mlio kama wa fimbo. Maji ndani ya sanduku yalisimama upande mmoja, yakaacha samaki mmoja aliyebaki akirukaruka kwenye mawe makavu, na ile chumvi ikaanza kutoka puani mwa Magesa, nyeupe, inamwagika kifuani kama unga, na Hyasinta akapiga yowe na kushika msalaba wa shingoni, lakini mikono ya Wankyo ilikwenda mrija kwa mrija kama inavyookota pamba, na kila mmoja ulipoyeyuka Magesa alitoa neno: ndama, mvua, shemeji, jiwe la kusagia, alikuwa anayatapika maneno ya kwao yakiwa mazima, na sauti ile nyingine ikazidi kuwa nyembamba, ikatukana kwa ufasaha, ikaapa, ikabembeleza, ikaahidi dhahabu.

"Dhahabu tunayo," alisema Wankyo. "Arobaini. Toka, kupe wewe. Arobaini na mmoja."

Maji yakaanguka, bwaa! Pampu ikaanza kukoroma. Wankyo akafuta sindano kwa kanga yake, akaangalia kofia ya manyoya iliyotundikwa ukutani, akaguna, akaondoka bila kudai hata nauli.

Magesa hakungoja. Alipanda baiskeli pua bado nyeupe kwa chumvi, akafika Butiama jua linashuka, akaenda mpaka kwenye ule mlango. Hakupiga hodi. Aliweka midomo kwenye mbao, akalitoa lile jina alilolificha, moja tu, kwa sauti ya chini.

Komeo likafunguliwa.

Ya Boniphace nayasema kwa ufupi, ndiyo yanayomstahili. Alilijaza sanduku maji ya ziwa, akatia samaki kumi wadogo aina ya furu na kambare mmoja mkubwa, mumi, akaandika ubao: BAHARI. Mumi akala furu wote kabla ya saa nne. Mgeni rasmi hakuja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sijaongeza kitu. Sawa, nimeongeza kimoja, na nakiri kwa sababu mmenisikiliza kwa adabu. Ule mrija wa arobaini na mmoja ni wa kwangu. Wankyo alisema arobaini, akafuta sindano; wa mwisho nimeutunga ili mpate usingizi. Mimi nilikuwa dirishani, maji yalipoanguka yalinirukia mimi na sinia langu la vikombe, na chai niliyokunywa baada ya hapo ilikuwa na chumvi.

Mengine yote ni kweli tupu, kama mlivyosikia, kwa Kiswahili hiki kilichonyooka. Ila msiniombe niwasimulie tena kwa Kijita.